Mmea wa Kuiba

Jumanne, 7 Julai
Mvua. Nguo za mtaa mzima hazikauki, makaa yanatoa moshi, na shangazi Kanta amekuja na habari. Jumapili ya tarehe kumi na tisa Jivi Ba anakuja kuangalia chumba changu. Jivi Ba ni bibi yake Jasu, yule msichana wa dirisha la chini hapo kwenye ujia. Akikubali, Jasu ni mke wangu. Akikataa, basi. Nikadondosha pasi. Shati la mwalimu, mteja wangu, limepata alama ya pembetatu mgongoni.

Shangazi anasema yule bibi hatazami kitanda wala sufuria. Anatazama kama chumbani kuna kitu kinachoota. Eti amesema, nyumba isiyoota hata jani, mjukuu wangu ataotea wapi?

Kwangu kilicho hai ni mjusi mmoja tu. Mwaka jana ilipokuja ile familia nyingine kunikagua, hata yeye alikimbia.

Nahitaji mmea wa pesa, ule unaotambaa na kuleta heri nyumbani. Kitawi kimoja kwenye chupa ya maji, kitoe mizizi, basi. Mji mzima wa Gondal wanao. Lakini kila mtu anajua mmea wa pesa wa kupewa hauleti heri, na wa kununua ndiyo kabisa. Lazima uuibe.

Nathu wa chai anao. Umepanda kibanda chake mpaka juu ya paa. Ni hatua kumi kutoka kwenye meza yangu ya pasi. Na Nathu simpendi. Kila kitu kiko sawa.

Jumatano, 8 Julai
Nimeiba! Nathu alikuwa anachuja chai, kanipa mgongo. Nikachuma jani moja kubwa, nikalificha ndani ya suruali ya karani wa benki. Sasa liko kwenye glasi ya maji dirishani. Linang'aa. Wizi ni kazi rahisi sana, sijui kwa nini watu wanafungwa.

Ijumaa, 10 Julai
Leo nimepita dirishani kwa akina Jasu kuchukua nguo. Natazama miguu yangu, kama kawaida. Nikamsikia Jivi Ba anamfokea Jasu. We Jasu! Jani tupu bila kifundo halichipui! Litakaa kijani likudanganye mpaka uote mvi! Kata chini ya kifundo, pale jani linapotokea. Mzizi unatokea hapohapo!

Maskini Jasu. Anafokewa bure, wala hakuwa na jani mkononi.

Nimerudi mbio kuangalia langu. Halina kifundo.

Jioni nikaenda tena kwa Nathu. Nikashika kitawi chenye vifundo, nikavuta. Kikaja. Kikaja na kamba. Kamba ikaja na nusu ya paa, na vyote vikaingia kwenye sufuria ya maziwa. Watu wote kwenye benchi wakageuka. Nikasema nilikuwa namfukuza nyuki.

Nathu akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema, Karsanbhai, kaka yangu, si ungesema tu! Akachukua mkasi wake mwenyewe, akanikatia vitawi vitatu, akavifunga kwenye gazeti kama bajia. Akanishika bega! Nikashindwa kukataa. Mimi nikitazamwa na watu zaidi ya wawili, ulimi unakufa.

Vya kupewa. Vitatu! Nimevitupa mferejini. Vilielea vizuri sana.

Jumamosi, 11 Julai
Ushindi. Polisi wawili walikaa kunywa chai, Nathu akawa anapangusa kikombe kimoja mara tano. Nikakata kitawi chenye vifundo viwili, mbele ya polisi! Moyo ulikuwa unapiga kama mlango wa lori.

Halafu nikapata wazo kubwa. Maji peke yake yana nguvu gani? Kola ya shati ikiingia kwenye maji ya wanga inasimama yenyewe. Basi na mzizi je? Nimeweka kitawi kwenye ndoo ndogo ya wanga, palepale dirishani. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kufikiri hili.

Jumatatu, 13 Julai
Sasa najua kwa nini.

Maji yamekuwa uji. Yananuka kama soksi za mwalimu. Kitawi nimekishika, kikabaki mkononi kama ndizi iliyoiva sana. Mjusi kahama.

Na pale dirishani Jivi Ba amemfokea tena Jasu. Maji masafi, Jasu! Masafi! Mzizi unapumua, unataka hewa, ndiyo maana unabadilisha maji kila siku ya tatu! Majani yasiguse maji, yataoza! Na chupa izungushie gazeti, mzizi ni kama bi harusi, haupendi kutazamwa! Ukiwa mweupe ni mzima, ukiwa wa kahawia na kunuka umekufa! Wanga ni wa kola!

Hilo la mwisho sikulielewa. Jasu hapigi pasi.

Nikaenda kwa Nathu kuiba kingine. Hapo ndipo nilipomalizwa. Nathu alisimama juu ya kreti la chupa, akagonga birika na kijiko, akatangaza mbele ya benchi zima. Eti, sikilizeni jamani, chochote Karsan atakachokata kwenye mmea huu, leo, kesho na mwaka kesho, mimi Nathu nimeshampa!

Wakapiga makofi.

Ameshanipa. Mmea mzima! Sasa hata nikiung'oa wote na mizizi yake, nitakuwa nachukua zawadi. Sijawahi kuona mtu mwenye roho mbaya namna hii.

Jumatano, 15 Julai
Siku nne zimebaki. Nimepiga hesabu vidoleni. Hata nikiiba leo, mzizi hautatoka kabla ya Jumapili. Lazima niibe ambao umeshatoa mizizi.

Nimeanza kuinua macho nikipita. Dirishani kwa akina Jasu kuna chupa nne. Juzi Jumatatu, zote nne zilikuwa ndani ya nondo. Jana moja, ya mafuta ya nywele, yenye uzi mwekundu shingoni, ilikuwa katikati ya nondo. Leo iko nje kabisa, kwenye kizingiti, usawa wa mkono wangu. Wanaacha vitu ovyo sana wale. Bahati yangu!

Kumwibia mtu anayekuja kunikagua si akili, najua. Lakini macho ya Jivi Ba ni mabovu. Juzi alimwita mbuzi "daktari".

Alhamisi, 16 Julai
Nimenyoosha mkono. Vidole vikagusa chupa. Pazia likakohoa.

Jasu! Nikasema nimekuja kuchukua nguo. Akanipa leso moja. Ilikuwa imepigwa pasi, na mimi mwenyewe, jana. Nikaipokea. Akasema, bila kunitazama, kwamba bibi yake hulala saa nane mpaka saa tisa, na hata paa likianguka haamki. Na kwamba yeye saa hizo huwa jikoni, nyuma, mbali, mlango umefungwa.

Kwa nini ananiambia mimi? Wasichana wana maneno mengi.

Leso nimeipiga pasi tena.

Jumamosi, 18 Julai
Saa nane na nusu. Jivi Ba kwenye kiti karibu na dirisha, anakoroma kwa sauti ya ajabu, kama mtu anayesoma kukoroma kwenye karatasi. Nikachukua. Nikakimbia. Nikaanguka kwenye dimbwi, chupa juu, mimi chini. Nadhani kukoroma kulikatika kidogo, nikasikia kama mtu anajizuia kucheka. Ni mvua ile.

Mizizi ni mirefu vidole vinne! Myeupe kama tambi! Imejaa vinywele, na maji yananuka maji tu. Nimebadilisha maji. Nimezungushia gazeti. Kibaya ni ule uzi, una fundo gumu, haufunguki.

Kwenye gazeti la chupa nimetoa ukurasa wa vifo, nikaweka wa sinema.

Jumapili, 19 Julai
Wamekuja. Jivi Ba, shangazi Kanta, na baba yake Jasu, ambaye alikula tu.

Bibi akaenda moja kwa moja dirishani. Akafunua gazeti. Akatazama mizizi, akanusa maji, akashika uzi mwekundu. Akauliza nimepata wapi chupa ya mafuta yake ya nywele.

Ulimi ukafa. Nikasema nyuki.

Akakaa kitandani akacheka mpaka shangazi akamletea maji. Akasema, mwanangu, siku tano nasukuma ile chupa! Nimefokea mjukuu wangu asiye na kosa mpaka koo limekauka, wewe unatazama vidole vya miguu! Nimekoroma mpaka mbavu zinauma! Ilibaki nikuletee mkononi! Akasema hata marehemu mume wake alimwibia mama mkwe wake kitawi kabla ya kuja kuposa, lakini yule alimaliza kwa siku moja.

Akamwambia baba yake Jasu, mwoga ni kweli, lakini maji yake ni masafi. Tumekubali.

Wamekubali! Jasu ni wangu! Nilitaka kumkumbatia mtu, nikaikumbatia pasi. Bado ilikuwa na moto.

Jumatatu, 20 Julai
Nimeamka na wasiwasi. Nimefikiri mpaka makaa yamezima.

Kama bibi aliisukuma chupa ili niichukue, basi alinipa. Kama alinipa, sikuiba. Kama sikuiba, haina heri! Tutaanza ndoa na mmea wa zawadi!

Dawa ni moja. Saa nane nikairudisha dirishani, nikitaka nichukue ile ya pili, ambayo hakuna aliyenisukumia. Pazia likafunguka. Jasu. Safari hii alinitazama machoni. Akaniuliza nafanya nini. Nikamweleza yote, maneno mengi kuliko niliyowahi kusema mwaka mzima.

Kisha akasema, na mimi je, Karsan? Mimi baba atanitoa mbele ya watu, mchana kweupe, kwa ngoma. Mimi ni wa kupewa. Kwako nitaoza?

Ni swali zuri. Nikamwambia anipe siku mbili nifikirie.

Akafunga dirisha. Nikasikia wanacheka ndani, yeye na bibi yake, muda mrefu sana. Chupa zote nne ziko ndani sasa, na nondo zimefungwa kwa waya.

Lakini nimezunguka nyuma nikaangalia. Dirisha la jikoni halina nondo, na ni pana. Mtu mzima anapita, hata bi harusi.