Herufi Bila Miguu Zilinipitisha kwa Shimo la Mbuzi

Nyinyi vijana mnaosoma hii kwa simu, sikizeni. Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya wakwe, na goti bado linauma.

Wageni walikuwa wanatoka Bungoma kuja hapa kwetu Kitengela, kumposa mjukuu wangu Sianoi. Mimi ndio mkubwa wa boma. Nilikuwa nimepanga wanikute kwa kiti, nimenyamaza, uso nimekunja, ndio mtu asilete mchezo tukifika kwa maneno ya ng'ombe.

Nikaenda kwa jirani kuazima chupa za chai. Kurudi, nakuta karatasi kubwa kwa geti yangu: GETI HII HAITUMIKI. PITIA NYUMA.

Nikasimama. Herufi nyeusi, nene, zimenyooka, hazina madoido. Serikali hiyo! (Sikusoma sana, lakini serikali ikiandika naijua.) Nikajua ni watu wa barabara wamepima, kesho tingatinga. Na siku ya wageni!

Sikugusa hata komeo. Nikazunguka.

Nyuma hakuna mlango. Kuna shimo la mbuzi kwa waya. (Nilijua. Hiyo ua nilijenga mimi.) Nikasukuma chupa, nikaingiza kichwa, mabega... sketi ikashikwa. Mbele siendi, nyuma sirudi.

Nikasikia viatu. Vingi. Vya ngozi.

"Mama, songa kidogo. Tuko nyuma yako."

Alikuwa mjomba wa bwana harusi, na suti. Nyuma yake ukoo mzima umepanga laini!

"Mbona mmepitia huku?" nikauliza, macho kwa mavi ya mbuzi.

"Tumesoma notisi, mama. Tukaona tufuate sheria."

Sianoi akatoka mbio kwa nyumba. "Koko! Geti iko wazi! Hiyo ni kazi yangu ya chuo, nilibandika nione kama inasomeka kutoka barabarani!" (Koko ndio mimi, nyanya yake.)

"Inasomeka," mjomba akasema.

Na huyo mtoto, badala ya kunivuta, akaanza kufundisha! Eti hizo herufi zinaitwa Helvetica. Eti zilichorwa Uswisi kabla mama yake azaliwe, zikapewa jina la hiyo nchi kwa Kilatini. Herufi za vitabu ziko na vijiguu chini, hizi hazina. Ncha zimekatwa bapa. R mguu wake umesimama wima kama askari wa chifu.

"Hazina sauti ya mtu yeyote, Koko. Ndio maana mtu akisoma anatii tu."

"Sianoi. Waya!"

Mjomba mwenyewe ndiye alitoa sketi yangu kwa waya. (Mkwe! Msicheke.)

Kwa kikao nikakunja uso vile nilipanga. Kila nikitaja ng'ombe, mjomba anaangalia nyasi kwa kitambaa changu cha kichwa, anakohoa ndani ya kikombe. Nikajikuta napunguza ng'ombe mwenyewe, bora tu waende.

Walipotoka nikaita watu wote wa nyumba, nikatoa amri: kwa hii boma, anayetaka kunituma mahali aje anitume kwa mdomo wake, nikimwangalia machoni.

Tuone kama atathubutu.