Vita Vyangu na Tatata

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeapa. Pikipiki yangu itanyamaza, la sivyo si mimi.

Asubuhi nimempakia mke wangu, tukapeleke sare alizoshona kwa wateja. Njia nzima ta-ta-ta-ta! Wauza mboga wametusikia tangu kona ya kwanza. Mmoja kapaza sauti: Bwana Tatata huyoo! Soko zima likacheka. Mke wangu kajifunika uso kwa mtandio. Mimi nimepunga mkono, ningefanyaje?

Jioni, simu. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Mara ya kwanza tangu tuoane, miaka minne! Mke wangu karuka kwa furaha hadi kanikanyaga. Halafu ikaja sehemu ya pili ya habari. Atakaa wiki mbili, na atakaa kwa yule atakayempokea stendi na kumfikisha nyumbani salama. Maana shemeji, kaka yake mke wangu, keshamwambia kwamba pikipiki yangu ni ya kumuua mtu kwa kelele, na kwamba yake ni mpya, haisikiki. Kimbelembele yule!

Nimemkuta mke wangu jikoni anafuta macho. Kasema ni vitunguu. Hatuna vitunguu tangu Ijumaa. Moyo umeniuma kwelikweli. Nimemwambia mama yake atalala hapa hapa, aniachie mimi.

Jumanne, 4 Juni

Nimepita kwa fundi wa kona. Kasikiliza sekunde mbili, mikono mfukoni. Kasema ni tapeti, vile vidude viwili juu ya injini vinavyosukuma valvu, vilango vya hewa na moshi, zifunguke. Zimelegea. Unasubiri injini ipoe, unazikaza, lakini unaacha nafasi ndogo ya kupitisha wembe. Kasema nimwachie, kesho asubuhi nichukue.

Nimwachie! Ili shemeji atangaze kwamba nimetengenezewa? Nimemshukuru, nikaondoka kichwa juu, ta-ta-ta.

Mimi nina njia ya mkato. Nyuma ya kabati nimekuta godoro limesimamishwa tu, halina kazi. Nimekata robo, nikaizungushia injini, nikafunga kwa waya. Jamani, sauti imepungua! Nimezunguka mtaa mara moja, nikisalimia kila mtu. Mzunguko wa pili, harufu. Wa tatu, moshi. Muuza maji kanimwagia ndoo nzima, kaanza na mimi, kisha pikipiki.

Jioni mke wangu kauliza godoro la wageni limepatwa na nini. Nimemjibu kuwa lililobaki linatosha. Mama mkwe si mrefu.

Jumatano, 5 Juni

Leo kazi ya kisomi. Nimetandika magazeti uani, nikapanga spana kwa ukubwa. Injini imepoa. Nimefungua vifuniko, nikaizungusha taratibu mpaka ile alama ya kuonyesha valvu zimefunga ikakaa mahali pake. Tapeti hizo hapo! Nimezigusa kwa kidole. Zinacheza. Tiki, tiki.

Sasa hebu tufikiri. Kelele inatoka wapi? Kwenye nafasi. Fundi anataka niache nafasi kidogo, yaani niache kelele kidogo. Kwa nini? Ili nirudi kwake mwezi ujao! Wajanja hawa. Hanipati.

Nimezikaza zote mbili mpaka mwisho. Hakuna kinachocheza. Hata wembe wenyewe ungepiga hodi ukakosa wa kuufungulia. Nimefunga kila kitu, hakuna nati iliyobaki, nimehesabu mara mbili. Nimelala mapema, nikijiona bingwa.

Alhamisi, 6 Juni

Kimya! Nimepiga kiki mara arobaini. Hailii hata kidogo.

Haiwaki pia.

Kiki inashuka laini, kama mguu unazama kwenye godoro. Nimebadilisha plagi. Nimetikisa tangi, petroli imo. Nimeisemesha vizuri, nimeitukana, nimeiomba radhi. Wapi!

Shemeji kapita na pikipiki yake mpya, polepole, makusudi kabisa. Kauliza mbona siku hizi hatuisikii Tatata. Nimemwambia hilo ndilo lilikuwa lengo. Katikisa kichwa, kaondoka. Nimemweza!

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu kafua mapazia. Kapiga deki mara mbili. Ile robo ya godoro iliyokosekana kaijazia vitambaa vya sare, kashona vizuri, huwezi kujua. Kisha kasimama mlangoni kaniuliza, bila kuzunguka, pikipiki inawaka au haiwaki. Nimesema haisikiki. Kasema hakuuliza hivyo. Kasema mama yake hajawahi kuiona nyumba yake, na kwamba mimi nikienda kwa fundi sitapungua kitu.

Nimetoka kweli niende kwa fundi. Nimefika getini, nikaona jambo ambalo sijaliona miaka minne. Kutoka getini kwetu hadi stendi ni mteremko mtupu!

Nimerudi ndani nikipiga mluzi. Kwenda kumeshapatikana. Kurudi nitakufikiria nikishafika.

Jumamosi, 8 Juni

Saa tatu nimeachia breki. Nimeteremka kama malaika. Wauza mboga wamenikodolea macho, hakuna aliyewahi kucheka. Nimeingia stendi bila sauti, mama mkwe ndiyo kwanza anashuka kwenye basi na sanduku lake. Shemeji hayupo! Mama mkwe kaitazama pikipiki, kanitazama mimi, kasema mbona aliambiwa ina kelele. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kapanda.

Nimepiga kiki. Nimepiga tena. Nimepiga mara kumi na tano, mama mkwe anapanda na kushuka na springi, injini kimya. Hapo ndipo shemeji kafika, anatabasamu masikio kwa masikio. Nikamwona akilini mke wangu jikoni na vile vitunguu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe kashuka. Kasema, mwanangu, hebu kanyaga tena polepole. Kasikiliza. Kasema hii haina pumzi, valvu hazifungi, ni nani kazibana hivi? Nimemtazama shemeji, lakini mama mkwe alikuwa ananitazama mimi.

Kumbe! Baba mkwe alipofariki, mama aliendesha mashine yao ya kusaga nafaka miaka kumi na minane, na kila ilipogoma aliifungua mwenyewe. Mke wangu hakuwahi kuniambia. Au aliniambia, nikawa naongea mimi.

Kaomba spana. Nilikuwa nazo. Kaomba wembe, kinyozi wa stendi kampa mpya. Kasema bahati yangu injini ni ya baridi. Kakunja mikono ya gauni lake la safari, kalegeza, kapitisha wembe, kafunga. Nusu saa. Watu wamejaa. Kiki moja tu, ikawaka! Ta-ta-ta, lakini ndogo, ya adabu. Kasema kasauti hako niache kalivyo, ndiko kanakoonyesha valvu zinafunga vizuri.

Shemeji kamkaribisha kwenye pikipiki yake mpya. Mama mkwe kakataa. Kasema hii ameshaijua ndani, hiyo yake hajui ina nini. Kapanda kwangu!

Mke wangu alikuwa getini. Katusikia tangu kona ya kwanza, kaja mbio bila viatu. Wamekumbatiana, wamelia wote wawili, safari hii hakuna aliyetaja vitunguu. Nami machozi yamenitoka kidogo. Mpango wangu umefaulu kila hatua.

Jumatatu, 10 Juni

Raha tupu. Mama mkwe kanieleza kuhusu ile nafasi ya wembe mara tatu, chai ya asubuhi, chakula cha mchana na jana usiku. Nimeitikia kwa kichwa kila mara. Mama mtu mwema sana.

Leo wametoka kwenda sokoni pamoja. Nimebaki na cherehani ya mke wangu sebuleni. Sijui kwa nini sikuwahi kugundua. Kutwa kucha, ta-ta-ta-ta! Mama wa watu atapumzikaje wiki mbili na kelele hiyo?

Nimeifungua. Ndani mambo yanacheza, hujaona! Nimekaza skrubu zote kumi na moja mpaka mwisho. Gurudumu limegoma kuzunguka, nadhani ni baridi tu ya asubuhi. Lakini sauti? Hakuna kabisa!

Nawasikia wamefika getini. Mama mkwe anauliza mbona ndani kimya hivyo. Nimefuta mikono, nimesimama kando ya cherehani, nasubiri kupongezwa.