Kamati Iliyokula Haragwe Bora

Serikali ilitangaza, kwa furaha kubwa na vipaza sauti vitatu, kwamba enzi ya maharagwe kufanya yatakavyo imekwisha. Kuanzia msimu ujao taifa zima lingepanda haragwe moja: rangi moja, kimo kimoja, tabia moja. Utofauti, alisema Waziri, ni ukosefu wa nidhamu. Waliokaa viti vya mbele walipiga makofi, maana ndiyo kazi ya viti vya mbele.

Utekelezaji ulikabidhiwa Kamati ya Kuteua Haragwe Bora. Wajumbe tisa walihamia Ghala la Mbegu siku ya Jumatatu, kila mmoja na kijiko chake.

Mtunza ghala alikuwa mama mmoja aliyeitwa Mama Mikebe, kwa kuwa miaka ishirini na sita alikuwa ameishi na mikebe arobaini na nane, kila mkebe na aina yake ya haragwe. Aliyajua kama mzazi anavyojua wanawe. Hili halijali mvua ikizidi. Lile linavumilia kutu ya majani. Jingine ni jivu jivu tu, halina sura wala ladha, lakini mwaka wa wadudu ndilo pekee lililobaki limesimama shambani. Kila baada ya misimu miwili aliyapanda upya nyuma ya ghala ili yasikatike kizazi.

Mkebe wa kumi na tano ulikuwa na haragwe la madoadoa la marehemu mama yake. Mwaka ambao mvua ziligoma na mashamba ya majirani yakakauka, haragwe hilo lilizaa hivyo hivyo, na watoto saba wakavuka. Mama Mikebe alikuwa wa tano.

"Utaratibu wetu ni wa kisayansi," Mwenyekiti wa Kamati alimweleza. "Asili huteua kilicho bora. Sisi tunaisaidia tu, maana yenyewe inachelewa. Tunachemsha nusu mkebe, tunaonja, tunatoa alama. Likifaulu, tunachemsha nusu iliyobaki kwa ajili ya uthibitisho."

"Kwa hiyo likifaulu mnalimaliza?"

"Mama, hatuwezi kutangaza matokeo ambayo hayajathibitishwa."

"Na mbegu?"

"Mbegu ni hatua ya pili. Tuko hatua ya kwanza."

Mkebe wa saba ndio uliomaliza mashindano. Lilikuwa haragwe dogo, jekundu, laini, na vijiko vyote tisa vikarudi sufuriani. Mjumbe mmoja alifuta machozi. Likatangazwa Haragwe Bora papo hapo, likathibitishwa, likathibitishwa tena, na kisufuria kilichobaki kikahifadhiwa kwenye friji ya Mwenyekiti kama kumbukumbu rasmi. Uonjaji uliendelea, ili maharagwe mengine yasije yakalalamika kwamba hayakusikilizwa.

Kufikia Ijumaa mikebe kumi na minne ilikuwa imepimwa, na kumi na miwili ilikuwa mitupu. Kutu, wadudu na ukame wa miaka yote havikuwahi kumaliza aina hata moja. Kamati ilimaliza kumi na mbili kwa siku tano, na bado ilikuwa na nafasi. Mama Mikebe alikagua rafu. Aina mbili tu ndizo zilizorudi: moja chungu, na moja isiyoiva. Ndipo akaelewa kwamba humu ndani anayeishi ni yule asiyelika.

Akaenda jikoni. Mpishi alikuwa wifi yake.

"Wifi, Jumatatu ni zamu ya mkebe wa mama."

"Najua. Nimeshanunua na vitunguu."

"Hivyo vitunguu kaa navyo. Nataka uniharibie."

Mpishi akaweka mwiko chini. "Mimi? Tangu niingie jiko hili hakuna aliyewahi kurudisha sahani yangu!"

"Ndiyo maana yanaisha."

"Watasema nimezeeka, wifi."

"Waache waseme. Wakisifia, mama yangu anakufa mara ya pili."

Mpishi akaliaga jina lake zuri. "Nisiloweke?"

"Usiloweke. Dakika ishirini, epua. Na chumvi, konzi nzima."

Jumatatu Mwenyekiti aliuma, akatulia, akalisikiliza jino lake. Alama: sifuri. Jumanne sifuri, Jumatano sifuri, na hivyo hivyo hadi mkebe wa mwisho. Ripoti ilitaja "kushuka kwa ubora kusikoelezeka" na kupendekeza ziara ya mafunzo ng'ambo. Pamoja na ile miwili ya kwanza, mikebe thelathini na sita ikarudi kwenye rafu, kila mmoja nusu, kila mmoja hai.

Siku ya upandaji Mwenyekiti alitoka ofisini na kisufuria chake kutoka kwenye friji.

"Mwenyekiti, samahani," alisema Mama Mikebe. "Hayo yamechemshwa."

"Yameongezewa thamani. Yamelainika, kwa hiyo chipukizi halitapata taabu kutoka."

"Hayataota, baba."

"Mama, kazi yako ni mikebe."

Haragwe Bora likazikwa kwa heshima zote mbele ya jengo, pamoja na vipande viwili vya kitunguu, na bango likasimikwa. Mama Mikebe alizunguka nyuma ya ghala na jembe lake, akapanda konzi moja moja kutoka kila mkebe, kama alivyozoea.

Baada ya wiki tatu za jua kali, Waziri alikuja na kamera kutazama. Kitalu cha taifa kilikuwa safi sana. Hakikuwa na hata gugu.

"Mbona sioni kitu?"

"Lipo katika awamu ya maandalizi ya chini kwa chini, Mheshimiwa," alijibu Mwenyekiti.

Lakini mpiga picha alikuwa ameshaona kijani nyuma ya ghala, na Waziri alipenda kupigwa picha penye kijani. Wakaenda. Mengine yalikuwa yamenyauka kwa jua, mengine yametobolewa na wadudu, na mengine yamesimama kana kwamba hayakusikia habari. La madoadoa lilikuwa limeanza kutambaa. Mama Mikebe aliinama, akaliegemeza kwenye kijiti.

"Nani kapanda haya?" aliuliza Waziri.

"Kamati," alisema Mwenyekiti, haraka kuliko alivyowahi kufanya jambo lolote. "Ndiyo tuliyoyateua. Tuliona moja halitoshi."

Waziri akamgeukia Mama Mikebe. "Ni kweli, mama?"

Angeweza kumuumbua. Alitamani sana. Ila sifa hazihifadhi mbegu.

"Kamati iliyaonja yote kwa vijiko vyake, Mheshimiwa. Imebaki tu waandike kwamba yote thelathini na sita ni bora na hakuna ruhusa ya kuyamaliza."

Mwenyekiti alitia sahihi juu ya mgongo wa mjumbe mwenzake. Waziri akatia ya kwake, akapangusa mikono. "Sasa tuyale!"

Mpishi alimtazama wifi yake.

"Chota konzi moja moja mikebeni, uwapikie kama walivyozoea," alisema Mama Mikebe.

"Dakika ishirini tu, Mheshimiwa," alisema mpishi.

Sahani zikaja. Waziri, ambaye hakufika alipofika kwa kuwa wa kwanza kuonja, alimsogezea Mwenyekiti ya kwake. "Tangulia, mtaalamu."

Kamera ikasogea. Mwenyekiti akatafuna. Uwanja mzima ulisikia.

"Vipi?"

"Bora," alisema Mwenyekiti, machozi yakimlengalenga.

"Safi! Basi kila mwaka kabla ya kupanda, Kamati itayathibitisha yote, aina kwa aina, hadharani."

Wajumbe tisa waliinama juu ya sahani zao. Mpishi akauliza kama kuna anayetaka kuongezewa, na Waziri akajibu kwa niaba ya Kamati.