Vibanio Vinne na Vumbi la Baba

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi, ambaye huwa namwambia yote kwa sababu hasikii vizuri. Nataka kuwa fundi wa magari.

Basi. Limeshaandikwa. Paa halijaanguka.

Shule imekwisha. Daftari hili lilikuwa la Fizikia na lina kurasa thelathini safi, sikuona sababu ya kuzitupa. Leo mezani Mama ametangaza kwamba Shangazi atanichukua saluni kwake kuanzia Jumatatu ijayo. Akaniuliza kama nimefurahi. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa changu huitikia kila kitu, ndiyo tabu yake. Saluni! Kuongea na watu kutwa nzima, tena mbele ya kioo, kwa hiyo kila mtu ni wawili.

Na huko mtaa wa pili Fundi anatafuta mwanafunzi mmoja. Kaandika kwa chaki kwenye mlango wa gereji. Nimepita pale mara sita. Mara ya sita akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema ndiyo. Akaacha kazi yake, akainama, tukatafuta pamoja dakika kumi.

Sikuwa nimepoteza kitu.

Jumanne, 4 Machi

Nalala chumba kimoja na binamu yangu. Moyoni namwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Leo kasema angetaka nafasi ya gereji angeipata kesho, maana ovaroli itampendeza. Angemwambia Fundi tu. Kwa Redio kila kitu ni kumwambia mtu tu.

Baba karudi na gari jekundu kwa vumbi. Gari lenyewe ni jeupe. Hii ni wiki ya pili anapita njia ya machimbo na kuiacha lami. Mama kamwuliza lami imemkosea nini. Baba kajibu kwamba hayo ni mambo yake na gari lake. Mama kasema vizuri, basi na usiku wakalale pamoja, yeye na gari lake. Baba akameza tonge, akasema Jumamosi Fundi anakuja kuliangalia, na mpaka siku hiyo mtu asiguse kitu chini ya boneti.

Wazo limenijia nikikung'uta mkeka. Fundi atafungua boneti. Atakuta injini inang'aa. Atashangaa, atauliza ni kazi ya nani. Mimi nitakuwa nimesimama karibu, brashi mkononi. Mwenye macho ataelewa. Sitahitaji kufungua mdomo!

Kuhusu katazo la Baba, nimelipima kwa haki. Kasema mtu asiguse. Itakayogusa ni brashi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechoka hoi. Hata kalamu ni nzito.

Leo Baba kaenda kazini kwa miguu, kaagizwa na Fundi aliache gari lipumzike. Injini baridi kabisa. Nilihakikisha kwa mgongo wa mkono, kama unavyompima mtoto homa. Nikavua bangili. Nikafunga nywele. Spana namba kumi, nikafungua waya wa hasi wa betri kabla ya kitu kingine chochote. Halafu mifuko ya plastiki minne: altaneta, sanduku la fyuzi, mdomo wa kuvuta hewa, koili za plagi. Kila mfuko nikaubana kwa kibanio cha nywele cha waridi. Vibanio ni vya Shangazi. Nimeviazima bila kumsumbua kwa kumwuliza.

Majani makavu nikayatoa kwa mkono. Vumbi nikalifagia kwa brashi kavu ya rangi, toka juu kwenda chini. Nikakohoa mpaka mbavu zikauma. Kisha kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni ya vyombo. Maji ya mpira sikutumia, hata tone! Nilimsikia Fundi siku moja akimfokea mteja kwamba injini si sufuria.

Redio alinichungulia dirishani, akauliza kama chakula cha gari kinaiva. Akapiga miayo. Akarudi kulala.

Pembeni mwa injini kulikuwa na mstari wa tope jeusi, nene, limeshikamana kama gundi. Nimelikwangua saa nzima kwa mswaki wangu wa zamani. Hiyo ndiyo sehemu ninayojivunia kuliko zote.

Tatizo moja. Mifuko minne iliingia, minne ikatoka. Vibanio vinne viliingia, vikatoka vitatu. Nimehesabu mara tano.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Fundi alifika saa tatu. Baba alikuwa na uso wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mimi nilisimama karibu na ndoo, brashi mkononi. Redio alikuja kwa sababu Redio haachi kitu kimpite. Boneti ikafunguka.

Fundi akazunguka upande huu. Akazunguka upande ule. Akauliza polepole ni nani aliyesafisha hapa.

Nikainua brashi kidogo. Usawa wa kiuno. Nadhani haikuonekana.

Redio akaruka mbele. Mimi, Fundi! Akaongeza kwamba ameamka alfajiri. Redio hajaamka alfajiri tangu azaliwe.

Ndipo Fundi akavua kofia. Alisema gari linavuja oili, na kwa miezi miwili hajapata mahali linapovujia. Ndiyo maana alimwambia Baba apite njia yenye vumbi wiki mbili, maana penye oili vumbi hushika, na likishika linachora njia yenyewe mpaka kwenye chanzo. Alikuja leo kuisoma njia hiyo. Sasa asome nini? Anaona uso wake tu!

Mstari wa tope. Saa nzima. Mswaki.

Baba alikaa juu ya ndoo. Wiki mbili nakula vumbi, alisema, hakumwambia mtu, alisema tu. Mama, mlangoni, akauliza kwa nini mtu mzima hawezi kuwaambia watu wa nyumbani kwake kwamba vumbi ni dawa. Baba akasema alitaka wamshangae gari likipona. Redio alikuwa amebadilika rangi. Akaanza kusema kwamba kwa kweli hakusafisha sana.

Lakini Fundi alikuwa bado ameinama ndani. Akatoka na kibanio cha waridi. Akakitazama, akatazama altaneta, akatazama fyuzi. Akasema mwenye kazi hii hakumwaga maji. Amefunika kila panapotakiwa kufunikwa. Betri ameifunga inavyopasa. Wanafunzi wake wawili waliopita hawakuweza hata kimoja kati ya hivyo. Akamgeukia Redio: njoo Jumatatu, binti. Kusafisha unajua. Nitakufundisha kuacha.

Kila mtu akampongeza Redio. Mimi pia. Kichwa changu kiliitikia chenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Saluni. Miguu inawaka. Mteja wa kwanza kaniuliza mbona siongei, mwanangu, au nimekatwa ulimi. Wa pili kaniuliza hivyo hivyo. Wa tatu alilala, nikampenda.

Shangazi kahesabu vibanio vyake mara mbili, akakuta kimoja hakipo. Akanitazama kwenye kioo. Nikatazama sakafu.

Baba ameanza upya njia ya machimbo, na safari hii Mama yumo garini, kajitanda ushungi mpaka puani, ahakikishe kweli anakwenda machimboni. Redio kaondoka asubuhi na ovaroli. Imempendeza. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatano, 12 Machi

Redio karudi kabla ya saa sita mchana, ovaroli begani. Fundi alimwambia afungue betri. Akaanza na waya wa chanya, spana ikagusa bodi, cheche zikaruka, Redio naye akaruka. Fundi akamwuliza ile injini ya gari jeupe aliisafisha nani. Redio akasema hajui, labda ilijisafisha.

Amekuja na ujumbe. Fundi kasema kibanio kiko mfukoni mwake. Mwenyewe aende akichukue, na aende kwa miguu yake. Nafasi bado ipo hadi mwisho wa wiki ijayo.

Redio alinikata jicho refu. Halafu akalala chali, akasema kutoka kwetu hadi gereji ni hatua mia mbili. Mwambie tu, dada yangu.

Usingizi hauji. Hatua mia mbili. Maneno mawili: ni mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nilipotoka saluni nimetembea hatua mia moja na tisini. Nimehesabu. Fundi alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. Miguu ikauliza nani hapo. Nikarudi nyumbani.

Lakini nimepata suluhisho, tena safi kuliko kuongea.

Kama Fundi alikasirika kwa sababu vumbi liliondoka, basi vumbi lirudi! Nimekusanya kopo zima chini ya kabati, nikalichekecha kwa chujio la chai ili liwe laini kama la barabarani. Kesho Baba anakwenda kazini kwa miguu ili gari lipumzike, maana Jumamosi Fundi anapita kuona vumbi limefika wapi. Kabla sijaenda saluni injini itakuwa baridi, waya wa hasi nitaufungua kwanza, mifuko minne, vibanio vinne vipya. Kisha nitalipuliza vumbi kwa mashine ya kukaushia nywele ya Shangazi, ambayo nimeiazima. Kazi ya wiki mbili kwa dakika kumi. Jumamosi Fundi atafungua boneti, ataona kila kitu kimerudi mahali pake, ataelewa ni nani mwenyewe, na mimi nitasimama karibu na ndoo.

Baba kasema tena mtu asiguse. Sitagusa. Nitapuliza tu.

Kwa hiyo, wewe unayesoma hapa, kama wewe ni Redio, funga daftari. Kama ni mtu mwingine, tafadhali, nakuomba sana, usimwambie mtu. Hasa Fundi. Au, kama utapita gereji kwa shughuli zako, na kama atakuuliza mwenyewe…

Hapana. Usimwambie.