Mkuu wa Marubani, Tawi la Sanyuanli

Jumatatu, 8 Machi 1999

Klabu yetu ya Mabawa ya Nyika inatafuta Mkuu wa Marubani. Tangazo limekuja asubuhi kwa barua pepe. Nimelisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama.

Niweke kumbukumbu sawa. Klabu ina wanachama ishirini na sita: Nairobi, Mwanza, Leeds, Toronto. Ndege hatuna. Tuna kompyuta, na ndani yake programu ya kurusha ndege. Kila safari tunairuka kwa muda wake kamili, kisha ripoti inakwenda kwa wanachama wote. Wasiojua huita mchezo. Bi Swalha, mwajiri wangu hapa ofisi ya mizigo mtaa wa Sanyuanli, huita mchezo. Kompyuta ni yake, kwa hiyo namvumilia.

Kamati itachagua kati ya watakaofikisha saa hamsini angani kufikia Jumapili. Mimi ninazo thelathini na moja. Kariuki ana arobaini na nne.

Huyu Kariuki ni Mkenya, anasomea uhandisi chuo kikuu hapa hapa Guangzhou, China. Wiki iliyopita aliwaandikia wanachama wote kwamba Dodoma nilitua vizuri sana, ila nje ya uwanja. Sijamjibu. Nitamjibu kwa cheo.

Jumanne, 9 Machi

Dar hadi London. Saa kumi angani! Nimepaa asubuhi, nikawasha otopailoti ndege ijiendeshe, nikaenda zangu soko la Shahe kuchukua magauni ya ofisi. Wakati mwenye duka ananiambia meiyou, yaani hakuna, na mimi namwambia yapo nayaona nyuma yako, ndege yangu ilikuwa inavuka Ethiopia. Hiyo ndiyo akili.

Nimerudi nikamkuta Bi Swalha kwenye kiti changu. Anasema alisikia kompyuta inavuma upepo, akadhani imepata joto, lakini akaona aandike kwanza barua ya mteja wake Abdulwakil. Kila herufi kwenye programu ile ni amri. Alipoandika salamu, magurudumu yalitoka. Kufikia kumuulizia hali ya watoto, tulikuwa ndani ya Mto Nile.

Nimeripoti kwamba nilitua Sudan kwa dharura, abiria wote salama. Saa za safari hiyo klabu haikuzihesabu. Kariuki ameuliza ni uwanja gani. Mtu wa kuulizauliza.

Jumatano, 10 Machi

Nimegundua jambo kubwa. Ripoti husoma muda kutoka saa ya kompyuta, na kompyuta haioni jua wala haisikii adhana. Inaamini unachoiambia.

Nimepaa Kilimanjaro, nikaisogeza saa mbele, nikatua Kilimanjaro. Nikarudia. Saa ishirini kabla ya chakula cha mchana, jumla hamsini na moja. Sijamdanganya mtu yeyote. Nimeidanganya mashine, na mashine haikulalamika.

Alhamisi, 11 Machi

Kariuki amefikisha hamsini na tano. Nimeongeza ishirini na tisa. Sasa ninazo themanini, na hata chai sijamaliza.

Bi Swalha hana raha. Mpwa wake Nahla anaolewa Unguja Ijumaa ijayo, na gauni la arusi limeshonwa hapa, mtaa wa Liuhua. Liko kwenye katoni moja na sare arobaini za kina mama. Lazima liondoke na ndege ya kesho. Amenikumbusha mara tatu kwamba huo si mzigo, ni mtoto wa marehemu dada yake. Nimemwambia alale salama, hati ya mzigo nitachapa mwenyewe.

Ijumaa, 12 Machi

Mchana nimechapa hati na kugonga muhuri. Nikaiachia modemu itume barua yangu kwa kamati, nikapeleka katoni uwanja wa ndege.

Karani wa ghala la mizigo akasoma hati. Akaitazama kalenda ukutani. Akaisoma tena, akamwita mwenzake, wakacheka. Hati ilikuwa na tarehe ya Jumapili, keshokutwa: saa ya kompyuta nilikuwa sijairudisha. Nikamweleza kwamba sisi ni ofisi inayotazama mbele. Akasema basi nirudi Jumapili, hati ikishakuwa kweli.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Mizigo inafungwa saa kumi na moja. Nikapiga simu ofisini ili Bi Swalha achape upya. Simu inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Modemu yangu ilikuwa bado imeushika mstari wa simu.

Nikatoka kutafuta teksi, na nje kwenye uzio nikamkuta Kariuki na baiskeli yake, anaandika daftarini namba za ndege zinazotua. Kumbe huja kila Ijumaa. Sikutaka aujue mkasa wangu. Nikamweleza wote kwa sentensi moja.

Hakuuliza kitu. Akageuza baiskeli, akaniambia nipande nyuma. Tumekwenda Sanyuanli hivyo, miguu yangu inaburuza lami, wauza machungwa wanatushangilia. Kwenye taa za barabarani akasema bila kugeuka:

"Ripoti zako nimeziona. Safari ya Jumatano ulipaa Alhamisi."

Nikaikunja hati ya Jumapili, nikaitia mfukoni.

"Sikuandikia watu. Hii mji tuko wawili tu tunaopenda hii kitu, Elisante. Nikikuaibisha, nitaongea na nani?"

Nikamwambia aangalie mbele.

Ofisini, saa ya kompyuta aliirekebisha yeye. Bi Swalha alikuwa ametoka kuswali; mimi nikachapa hati upya, nikagonga muhuri, tukarudi ghalani. Saa kumi na dakika hamsini karani akagonga muhuri wake.

Tulisimama kwenye uzio hadi ndege ile ilipopaa, ya kweli, tumbo lake likapita juu yetu na gauni la Nahla ndani. Macho yalinitoka maji. Ni moshi wa mafuta.

Bado namtilia shaka. Adui hakubebi kwenye baiskeli bure.

Jumamosi, 13 Machi

Mtu wa ghala amempigia Bi Swalha simu kumsimulia kichekesho cha hati ya Jumapili.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliketi mbele yangu, akavua miwani.

"Mwanangu, mtoto wa dada yangu nusura aolewe na kanga begani, kwa sababu ya ndege isiyokuwepo?"

Nilimjibu kwamba ndege ipo, imefika mabara manne. Akaichomoa kwenye kompyuta fimbo yangu ya kurushia ndege, akaifungia kabatini pamoja na muhuri, ufunguo akautia kifuani.

Sawa. Hata kwa vitufe ndege huruka.

Jumapili, 14 Machi

Nahla amepiga simu kutoka Unguja. Gauni limefika, limemkaa. Bi Swalha amelia, akanipa sambusa mbili. Ufunguo hakunipa.

Matokeo: Mkuu wa Marubani ni Odilia, muuguzi wa Mwanza. Saa hamsini kamili, zote Mwanza na Bukoba, Bukoba na Mwanza. Hajawahi kuanguka. Sasa huyo ana uzoefu gani?

Saa zangu zimefutwa. Kariuki hakusema kitu, nimehakikisha. Ni ile barua yangu ya Ijumaa. Ilikuwa barua ya kukubali cheo, niliituma mapema ili nisipitwe. Imefika ikiwa na tarehe ya leo, inaishukuru kamati kwa matokeo ambayo ilikuwa haijayatoa. Wameniomba maelezo. Nimewajibu kwamba kiongozi huona mbali.

Wamenisimamisha miezi mitatu. Nimewasimamisha wao maisha.

Jumatatu, 15 Machi

Leo nimeanzisha shirika langu. Makao makuu Sanyuanli. Mwenyekiti, Elisante. Mkuu wa Marubani, Elisante, amepita bila kupingwa. Ili tusionekane wachache nimeandikisha marubani wengine saba, majina na anwani nimetunga mwenyewe. Mmoja wao, Kapteni Rotich, kufikia alasiri alikuwa na saa tisini. Huyo nitamtazama kwa karibu, anaweza kutaka nafasi yangu.

Jioni Kariuki amekuja na daftari lake. Ameniambia amejitoa Mabawa ya Nyika, anaomba kujiunga na mimi.

Nimemwambia alete maombi kwa maandishi. Nafasi ni chache.