Ushuhuda Wangu wa Komeo, Mbele ya Nyani na Mama Mkwe

Jamani, leo nimeumbuka. Mchana kweupe, jua linawaka, mbele ya mama mkwe na ukoo mzima wa nyani. Nimejifungia chumba cha wageni hapa kwake nawaandikia. Mke wangu yuko jikoni na simu yake, anacheka hadi anakohoa, na ninajua anachokitazama.

Nianze asubuhi, ili kesho asije mtu kunihadithia kisa changu mwenyewe.

Mnajua nina bunduki ya marehemu baba. (Ya halali. Kibali kilihamishiwa kwangu, polisi wananifahamu, naomba tusianze.) Ni zile za zamani za kuvuta komeo: ukishapiga unavuta kile chuma nyuma, ganda la risasi linaruka nje, unasukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Kwenye komeo kuna kikucha kidogo ambacho kazi yake ni moja tu duniani, kung'ata ganda na kulitoa. Kikucha kilichotoka kiwandani na bunduki yake kilimtumikia baba mpaka akazeeka, kikanitumikia na mimi, mwaka jana kikakatika. Cha kampuni ile ile hakipatikani tena. Nikaenda Tunduma kwa Sichone, ana duka lenye leseni la vifaa vya silaha, akaniuzia cha kampuni nyingine. Akasema hiki ni kigumu kuliko cha kwanza, na zaidi ya hapo kina waranti. Alivyolitamka hilo neno waranti, taratibu, huku ameniwekea mkono begani, nilijiona mtu wa hali ya juu.

Kigumu ni kigumu kweli. Ila kazi hakitaki. Napiga risasi moja, ganda linabaki ndani, komeo linagoma kufunguka mpaka nilibembeleze. Siku likiamka vizuri linakubali. Siku nyingine naliweka gotini tunatazamana.

Kwa kawaida ningeliacha hivyo hivyo. Lakini mama mkwe ana shamba la mahindi huku bondeni, milima ya Mlowo inakoteremkia Momba, na mahindi yamefikia yale ya kuchoma. Nyani wameshapata habari. Mwaka jana walimwachia mabua matupu, akala mahindi ya kununua mpaka msimu mwingine. Wanawe wa kiume wote wako Saza wanachimba dhahabu. (Dhahabu yenyewe bado hatujaiona, tunaambiwa ipo.) Na nyani wa huku mwanamke hawamwogopi kabisa. Mwanamke akipiga kelele wanageuka kumtazama, wanamaliza kutafuna, wanachuma lingine. Wanachoogopa ni mwanaume, na hasa mwanaume mwenye bunduki. Afisa wanyamapori ametukubalia kupiga risasi hewani kuwatisha, si kuwaua. Sasa hesabuni wenyewe mwanaume aliyebaki ni nani.

Halafu kuna jambo la mimi na mama mkwe. Hatusemeshani. Si ugomvi, ni heshima ya kwao. Tangu nimeoa mpaka binti yetu Neema amemaliza shule ya msingi, yule mama hajawahi kunitupia neno hata moja la kuja kwangu moja kwa moja. Akiwa na la kuniambia anamwambia mke wangu, hata kama nimekaa hapo hapo. "Mwambie mwenzio kiti hicho mguu wake umelegea." Nimesikia. Nakaa nasubiri. Mke wangu ananigeukia, ananirudishia neno kwa neno, ndipo nahama kiti. Nimezoea. Lakini niseme ukweli, ninampenda sana mama huyu, na miaka yote hii nimetamani nifanye jambo moja aone kuwa binti yake hakupotea njia.

Basi asubuhi nikapanda pikipiki yangu, bunduki nimeifunga vizuri kwenye mfuko wake, nikaenda Tunduma kudai waranti. Nimejipanga kwa hasira. Njia nzima nafanya mazoezi ya kugomba.

Sichone akanipokea kwa "mulishani". Amekaa sana mpakani, anasalimia Kibemba hata mtu aliyetoka Mlowo. Nikamwaga malalamiko yangu yote. Akanisikiliza vizuri, akaniambia waranti ipo na yeye hana neno, ila masharti ya kampuni yanataka tatizo lionekane kwa macho. Akaleta risasi za mazoezi, zile zisizo na baruti. "Karibu, Baba Neema. Tuonyeshe."

Nikavuta. Likafunguka. Risasi ikaruka nje, ikaanguka mezani kwa adabu.

Nikasema ngoja. Nikavuta tena, likafunguka. Nikavuta kwa nguvu, nikavuta kwa upole, nikavuta huku nimegeukia dirishani nikijifanya simo. Linateleza tu. Jamani, komeo lililonitesa toka mwaka jana leo limekuja mjini limevaa tabia njema. Wateja wengine wakaacha shughuli zao wakasogea kuangalia. Nikaanza kuliombea ligome. (Ndiyo, nimesali bunduki yangu iharibike. Mungu ananijua.) Mzee mmoja akanishauri nijaribu kwa mkono wa kushoto, nikajaribu, likafunguka kwa mkono wa kushoto pia.

Sichone hakunicheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema kwa sauti ya daktari kwamba labda nyumbani huwa ninavuta nikiwa na mawazo. Nikanywea. Zile hasira nilizozifanyia mazoezi njia nzima zikageuka aibu, na mtu mwenye aibu hukubali chochote. Akanimiminia chai. Akanipa kofia yenye jina la duka, ya bure. Halafu akatoa simu, akaniomba nimsaidie ushuhuda mfupi tu kwa ajili ya ukurasa wa duka, niseme ukweli nilioushuhudia kwa macho yangu.

Nikavaa kofia. Nikashika bunduki. Nikatabasamu. Nikasema, "Komeo hili halijawahi kuniangusha."

Hapo ningenyamaza, mngekuwa mnasoma habari nyingine. Sichone akanionyesha dole gumba, basi nikanogewa. Nikaongeza, "Hata siku moja. Na mimi ni mtu wa shamba, si wa mchezo." Nani alinituma? Hiyo sehemu ya shamba aliiomba nani?

Tukaendelea kunywa chai. Nilimwahidi mke wangu ningefika shambani kabla nyani hawajashuka, lakini kwenye simu muda bado ulikuwa mwingi. Wa Tunduma mmeshanielewa. Simu ilishashika mnara wa Zambia, imenirudisha nyuma saa nzima, na mimi nimetulia naongezewa sukari. Nilikuwa nimepanga nikitoka pale nikapige walau risasi moja ya kweli kabla sijafika kwa watu. Muda huo ukaishia kwenye kikombe.

Mke wangu akapiga. Nilidhani atanigombeza kwa kuchelewa. Kumbe sauti ina asali. Akasema video imeshawekwa, ameiona, amemwonyesha mama. Mama ameitazama mara mbili. Majirani waliokuwa wanamsaidia kulinda shamba walitaka kwenda msibani, mama amewaambia waende kwa amani, wasiwe na wasiwasi, mkwe wake anakuja.

Mkwe wake! Yule mama kajivuna kwa ajili yangu mbele za watu. Niliikimbiza pikipiki ile kwa mwendo ambao sijawahi kuuona. Malori yamejaa barabarani toka mpakani, napita pembeni na kofia yangu. Sitaki kusema nililia, tuseme vumbi lilikuwa jingi.

Nimefika, nyani wameshaingia. Mahindi yanatikisika upande wa chini. Mama mkwe amesimama pembeni ya shamba kwa umbali wake wa heshima, uso ameelekeza kwingine kama kawaida. Mke wangu ameshika simu anarekodi, eti awatumie kaka zake Saza waone shemeji anavyofanya kazi. Mama akasema, "Mwambie mwenzio nyani wapo kule kwenye bonde la mawe." Mke wangu akaniambia nyani wapo kule kwenye bonde la mawe. Nikaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu ambaye kazi hizi anazifanya kila siku.

Nikapiga risasi ya kwanza juu, kuelekea mlimani kusiko na watu. Mlio ukajibiwa na vilima. Nyani wakatoka mbio, wakubwa kwa wadogo, wakapanda mawe yale ya mbali. Na kwa pembe ya jicho nikamwona mama mkwe anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kidogo sana, lakini niliona. Kama mngeniua wakati ule ningekufa nimeshiba.

Nikavuta komeo.

Likagoma.

Nikavuta tena. Wapi. Nikakumbuka papo hapo kitu ambacho hata mtoto angekifikiria asubuhi: risasi za mazoezi hazina baruti. Hazilipuki, hazipati moto, ganda lake halitanuki likabana. Hata kikucha cha nta kingezitoa. Mimi na Sichone tumepoteza asubuhi nzima kuvuta vitu ambavyo vingetoka vyenyewe, kisha nikavaa kofia nikatoa ushuhuda.

Nikageuzia mtutu chini, nikalibembeleza. Nikalisemesha. Nikavua kandambili nikaligonga. Nikatafuta jiwe. Na mnajua jiwe likigonga chuma linatoa sauti gani, ko, ko, ko, bonde zima linasikia. Nyani nao wakasikia. Wa kwanza akashuka kwenye jiwe. Akasimama, akatazama. Akashuka wa pili. Nafikiri walielewa kabla ya mke wangu. Lile dume kubwa likaja mpaka mstari wa kwanza wa mahindi, likachuma hindi, likakaa chini kwa raha zake, likaanza kulimenya huku linanitazama ninavyogonga. Sikuwahi kudharauliwa hivyo na mtu mwenye mkia wala asiye na mkia.

Wengine wote wakaingia nyuma yake. Nasikia mabua yanavunjika, puu, puu. Hayo ni maugali ya mama mkwe yanaondoka, na aliyewaondoa walinzi ni mdomo wangu. Hapo hata kuchekesha kulikwisha. Nikapiga kelele, nikarusha kofia. Dume likaichunguza ile kofia, likaitupa.

Ndipo nikasikia hatua nyuma yangu. Zinakuja haraka, zinavuka ule umbali wa heshima ambao haujawahi kuvukwa. Sikuthubutu kugeuka. Mama mkwe akasimama sawa na bega langu. Miaka yote hiyo, jamani. Posa, harusi, ubatizo wa Neema, misiba miwili. Akafumbua mdomo wake, akasema na mimi.

"Pisha."

Hilo tu. Nikapisha.

Alikuwa na mfuniko wa sufuria mkono mmoja na mwiko wa ugali mkono mwingine. Akashuka kwenye yale mahindi huku anapiga mfuniko na kutukana kwa Kinyiha, matusi mengine mimi niliyemuoa binti yake sijawahi kuyasikia. Na wale nyani wasioogopa mwanamke, walioniangalia mimi na bunduki yangu wakaona mchezo, waliondoka wote. Dume lile liliangusha hindi likiwa nusu. Mama akawafuata mpaka kule kwenye mawe, akapita mawe, akawapandisha mlima. Tuliusikia ule mfuniko hadi ukawa unasikika kwa mbali. Mke wangu alikuwa ameacha kurekodi shamba, ananirekodi mimi nilivyoshika jiwe.

Mama aliporudi, jasho linamtoka, akapita mbali na mimi kwa heshima ile ile ya siku zote, akasimama mgongo kanipa. "Mwambie mwenzio chakula kipo tayari." Mke wangu akashindwa hata kunirudishia kwa kicheko. Nikaenda kula. Mahindi yaliyopotea ni ya upande mmoja tu, mengine yamepona, na kila tonge nililomeza nilijua nani ameyaponya.

Jioni hii nikampigia Sichone. Akanikumbusha kwa upole kwamba asubuhi nimetamka mwenyewe, hata siku moja. Nikamwambia sasa limegoma, watu wameona. Akasema hana shida, kampuni itabadilisha kikucha, ila tatizo lionekane. Nitume video, na isiwe imekatwa mahali.

Video iliyopo ni moja, ile ya mke wangu, na ameshanitumia. Ina risasi, ina jiwe, ina kandambili, ina dume na hindi lake, ina "Pisha". Nimekaa nayo hapa kitandani muda mrefu. Nikafikiria heshima yangu, nikafikiria yale mahindi na wiki zilizobaki mpaka yavunwe. Nikaituma nzima.

Amejibu sasa hivi. Waranti imekubaliwa, kikucha kipya kinakuja. Halafu akaandika chini yake, naomba nimuulize mama, ule mfuniko ni wa kampuni gani.

Mke wangu ameenda kuuliza kweli. Nimemsikia mama mkwe kupitia ukuta huu, hana hata haraka: "Mwambie mwenzio amjibu huyo mtu kwamba niliolewa nao. Hauna waranti."

Atakayecheka humu, kesho zamu ya shamba ni yake.