Mlinzi wa Seli Nne

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu amekuja na sanduku. La kijivu, zito kama mtoto wa darasa la pili. Ndani mna seli nne za lithiamu na fosfeti ya chuma, zimepangwa bega kwa bega, na juu yake kuna kibao chembamba chenye nyaya nyingi. Kibao hicho anakiita BMS. Ni mlinzi, anasema. Kazi yake ni kuiangalia kila seli: moja ikijaa kupita kiasi, au ikikauka kupita kiasi, anakata umeme wote kabla mambo hayajaharibika.

Nikamwambia kwamba nimechaji betri za mtaa huu kwa miaka thelathini na moja, na muda wote huo mlinzi nilikuwa mimi. Mama alicheka hadi akakohoa, ikabidi tumrekebishie mrija puani.

Sanduku ni la Mama. Mapafu yake yamechoka, anapumua kwa mashine ya oksijeni, na mashine haiendi bila umeme. Hadi leo umeme ukikatika tulitegemea betri zangu mbili za tindikali. Sasa zimetolewa nje, ziko kibarazani karibu na ndoo ya kupigia deki. Mama hakupinga. Aliuliza tu kama hazitavujia sakafu.

Tangazo limebandikwa: Ijumaa umeme utakatwa tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, wanabadilisha nguzo. Mdogo wangu anasema sanduku litahimili kwa muda wa saa tisa bila wasiwasi.

Nimeumia. Naandika hivyo hivyo ilivyo: nimeumia.

Jumanne, 5 Machi

Nia yangu: kumwonyesha Mama kwamba huyu mlinzi ni mwoga, ili kabla ya Ijumaa aniombe mwenyewe nizirudishe betri zangu.

Mdogo wangu alipokwenda kazini nikachomeka pasi na birika la umeme kwenye sanduku kwa pamoja. Mlinzi akakata papo hapo. Ushahidi! Nikamwita Mama aje ajionee. Alikuja akiburuta mrija wake hadi mlangoni, akaitazama pasi, akalitazama birika, akauliza ni nani aliyenituma kupiga pasi kwa pumzi zake. Akarudi kitandani.

Swali lake halikujibu hoja yangu.

Jumatano, 6 Machi

Betri ya tindikali ni msema kweli. Ikipungua, mita inashuka, nawe unajua. Leo nimelitwika sanduku feni mbili tangu asubuhi nikawa nalipima. Saa tatu: volti 13.2. Saa sita: 13.2. Saa tisa: 13.2. Nikabadilisha mita. 13.2. Nimehitimisha kwamba sanduku hili halipungui, hivyo mlinzi yupo bure.

Nikampigia mdogo wangu kumpa taarifa. Akasema, Kaka, betri za aina hii hazionyeshi usoni. Zinakutazama vilevile hadi karibu na mwisho, kisha zinaanguka ghafla. Eti nisifuate volti, nifuate asilimia kwenye ile programu aliyomwekea Mama kwenye simu. Sikuitazama. Mtu mzima na nywele zake nyeupe haombi ruhusa kwa simu.

Kinyozi, jirani yetu wa mlango wa pili, ana sanduku kama hili kwa ajili ya mashine zake za kunyolea. Kuta zetu ni nyembamba. Alikuja kuniambia mzoea punda hapandi farasi, na kama nataka kufundishwa kusoma asilimia, yupo. Huwa ananiita Bwana Tindikali mbele ya wateja. Nikamwambia abaki na vichwa vya watu.

Alhamisi, 7 Machi

Kesho ndiyo kesho. Sanduku lazima lijae pomoni, na lijae kwa mkono wangu. Nimeliunga kwenye chaja yangu ya zamani, nikapandisha volti hadi pale ninapochemshia betri za tindikali, maana betri isiyochemka haijashiba. Mlinzi akakata. Nikawasha, akakata tena. Mara nne. Mgomo, ndani ya nyumba ya mama yangu mzazi.

Nikafungua kifuniko. Mlinzi amekaa kwenye njia ya waya wa hasi, na kila kitu lazima kipite kwake. Basi nikachukua kipande cha waya mnene, nikaunganisha kutoka kwenye seli moja kwa moja hadi tundu la kutokea, nikampita pembeni. Ncha nikazikunja mara tatu na kuzifunga utepe mwekundu, kama ninavyofunga kazi zangu zote. Sikumfukuza. Yupo mahali pake na heshima zake, ila hapiti mtu mlangoni kwake.

Chaja ikanguruma kwa muda wa saa mbili raha mustarehe. Seli ya tatu imevimba kidogo tumboni. Nimeichukulia kuwa ni shibe. Kifuniko kimekataa kufunga, nimekiwekea tofali.

Mama ameuliza harufu ile ni ya nini. Nikasema ni ya kazi.

Ijumaa, 8 Machi

Umeme umekatika saa mbili kamili. Mashine haikutetereka. Nilikaa kando ya kitanda na mita yangu nikimsomea Mama: 13.1. Baada ya saa nzima, 13.1. Alisema amefurahi kuniona nimetulia sehemu moja. Nilitaka kumwambia kwamba ile nguvu ni kazi yangu, nikaona nisubiri saa kumi ifike, niseme vizuri.

Saa saba na dakika kumi mita ikasema 12.6. Nikapangusa kioo. Ikasema 11. Mashine ikapiga king'ora kifupi, ikanyamaza.

Sijawahi kusikia chumba kimya namna ile. Mama aliinuka akaketi, akashika ukingo wa kitanda, mabega yakawa yanapanda na kushuka bila kupata kitu. Midomo ikabadilika rangi. Niliogopa, niliogopa kama mtoto. Betri zangu za kibarazani zilikuwa tupu. Wiki nzima sikukumbuka kuzichaji, nilikuwa nashughulika na adui.

Nikakimbilia kwa Kinyozi. Alichomoa nyaya za sanduku lake, akashika upande mmoja, na mteja aliyekuwa kitini akashika wa pili, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado, kitambaa shingoni. Tangu mashine inyamaze hadi ilipoanza kuvuma tena ni dakika sita. Kinyozi ndiye aliyezihesabu.

Mama alipopata sauti, jambo la kwanza aliuliza kama nililigusa sanduku. Nikasema viwanda vya siku hizi havina uaminifu. Mteja akanitazama, akajipapasa ule upande wenye nywele, akaondoka.

Nilimshika Mama mkono hadi saa kumi. Hakuuondoa.

Jumamosi, 9 Machi

Mdogo wangu ameondoa tofali, akafungua, akaufuata ule waya kwa kidole. Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu viwanda. Hayakuhitajika. Alisema ule mkunjo wa mara tatu na utepe mwekundu anaujua, alijifunza kwangu akiwa na miaka tisa. Anakumbuka pia kibao nilichokiandika mwenyewe juu ya mlango wa karakana: USIWEKE WAYA MAHALI PA FYUZI. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Aliukata waya, akaitoa seli iliyovimba, ile iliyokauka kabla ya wenzake, kwa mikono miwili, akaipeleka uani mbali na ukuta, akaweka mpya. Kisha akamrudisha mlinzi kazini.

Mama alisema betri anazo za kutosha, anachotaka ni mtoto wa kukaa naye. Akanipa kazi: kila asubuhi na jioni niifungue ile programu, nimsomee seli zote nne, niandike kwenye daftari. Nililia kidogo. Nikaapa mbele yao wote wawili, Kinyozi akiwa shahidi, kwamba mkono wangu hautamgusa mlinzi tena.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi nimemsomea Mama volti za kila seli: 3.33, 3.33, 3.33, 3.33. Jioni vilevile. Mama akasema vizuri, mwanangu, akalala vyema. Mdogo wangu amepiga simu kunipongeza. Hata Kinyozi leo kaniita fundi.

Kisha nikakaa kibarazani na daftari, nikatafakari. Seli zote nne ziko sawasawa. Siku nzima hakuna iliyopanda, hakuna iliyoshuka. Mlinzi hakukata hata mara moja. Nimezisoma namba zote upya, nisije nikamwonea.

Sasa huyu mlinzi anafanya kazi gani?

Kiapo kilihusu mkono. Koleo si mkono.

Ule waya alioukata mdogo wangu niliuokota. Umepungua kama urefu wa kidole gumba. Nimeupima. Unafika.